Msimu wa vibao Minnesota

Mwaka wa uchaguzi ukifika huku Minnesota, Marekani, nyasi za mbele ya nyumba huota majina ya watu. Juzi mtaa ulikuwa mtupu, leo kuna kibao cha mgombea ubunge, cha bodi ya shule, hata cha jaji. Ni plastiki nyepesi iliyochomekwa kwenye miguu miwili ya waya. Unaikandamiza udongoni kwa kisigino, basi.

Shangazi alipotutembelea kutoka Kakamega alivitazama akauliza, "Na hawa wamelipwa ngapi?" Sikumlaumu. Kwetu vijana hupita usiku na ndoo ya gundi, asubuhi lango lako lina sura ya mheshimiwa usiyemjua. Huku anayeamua ni mwenye nyumba, na mara nyingi amekiomba kibao mwenyewe.

Sheria zipo, na za hapa zina uungwana wake. Siku za kawaida mji unaweza kupanga ukubwa na idadi ya vibao. Lakini mwaka wa uchaguzi mkuu wa jimbo, kuanzia siku 46 kabla ya kura ya mchujo hadi siku 10 baada ya uchaguzi mkuu, sheria ya jimbo inaruhusu vibao visivyo vya biashara, vya ukubwa wowote na idadi yoyote, mji upende usipende. Mwaka 2024 mchujo ulikuwa Agosti 13, kwa hiyo ruhusa ilianza Juni 28 na kuisha Novemba 15.

Kinachowaponza watu ni mahali. Ule ukanda wa nyasi kando ya barabara unaufyeka wewe, unaumwagilia wewe, lakini aghalabu ni hifadhi ya barabara. Sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa zaidi. Tumeona vibanda vikibomolewa kwa sababu hiyohiyo. Huku kinachoondolewa ni kibao tu: watu wa idara ya barabara ya jimbo wakikikuta kando ya barabara kuu wanaking'oa, kiwe cha chama gani. Na siku ya kura, kampeni haziruhusiwi ndani ya futi 100 kutoka jengo la kupigia kura.

Wengine huniuliza kama mtu asiye raia anaweza kuweka kibao. Kura hupigi, hilo halina mjadala, ila kusema unachokiamini ukiwa nyumbani kwako si kupiga kura. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kesi ya Margaret Gilleo wa Ladue, Missouri, aliyebandika dirishani karatasi ndogo ya kutaka amani katika Ghuba ya Uajemi. Mji ulikuwa umepiga marufuku karibu vibao vyote vya majumbani. Mahakama ikasema umepita kiasi. Hata hivyo, kama umepanga nyumba, soma mkataba wako kwanza. Mwenye nyumba naye ana yake.

Binafsi siweki cha chama chochote. Nina majirani wa pande zote mbili na watoto wetu wanapanda basi moja la shule. Cha bodi ya shule nitaweka, maana huko ndiko kodi yangu inakoenda.

Ukiweka chako, usingoje siku ya kumi kukitoa. Novemba ya huku udongo ukiganda, ile miguu ya waya inabaki humo mpaka masika.