Ridhaa Iliyotangulia Kuzaliwa

Tuliporudi na binti yetu, nilidhani mambo ya sheria tumeyamaliza kulekule alikozaliwa, kwa kuwa mahakama ya huko ilikwisha kutupa amri ya kuasili yenye muhuri na sahihi ya jaji. Wakili wetu ndiye aliyenizindua. Nchi aliyotoka mtoto haikuwa imejiunga na Mkataba wa Hague wa 29 Mei 1993 unaohusu kuasili watoto baina ya nchi, kwa hiyo hatukuwa na ile hati ya ibara ya 23 ambayo huifanya amri ya nchi mwanachama itambuliwe katika nchi nyingine bila kesi mpya. Ilitubidi tupeleke ombi katika mahakama ya kwetu ili amri ile itambuliwe na kusajiliwa. Vinginevyo cheti cha kuzaliwa chenye majina yetu kisingetolewa, na haki ya binti yetu ya kurithi ingebaki jambo la kubishaniwa.

Ukusanyaji wa karatasi ulichukua miezi mitano ambayo sina hamu ya kuisimulia. Kila hati ilipitia wizara ya mambo ya nje ya huko, kisha ubalozi, kisha meza ya mfasiri aliyeapishwa.

Shauri lilisikilizwa faragha, ofisini mwa jaji. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa kama tunampenda mtoto na kama tuna uwezo wa kumlea, hata albamu ya picha nilikuwa nimeibeba. Jaji hakuyagusa hayo. Alieleza kwamba si kazi yake kurudia uchunguzi uliokwisha kufanywa na mahakama nyingine. Alitaka kujua kama mahakama ile ilikuwa na mamlaka, kama uasili ulikata kabisa uhusiano wa kisheria na wazazi waliomzaa au uliuacha kwa sehemu, na kama mama mzazi aliridhia kwa hiari yake. Alipofika kwenye ukurasa wa ridhaa alinyamaza, akarudi kwenye cheti cha kuzaliwa, kisha akausoma tena ukurasa ule.

“Mama,” aliniambia, “mtoto huyu alizaliwa tarehe 20 Februari. Mama yake alitia sahihi tarehe 4 Januari. Aliridhia kumtoa mtoto ambaye hajazaliwa?”

Sikuwa na jibu. Uzito wa swali niliujua, kwani hata Mkataba ule, ingawa haukutufunga, unataka ridhaa ya mama itolewe baada ya mtoto kuzaliwa tu. Nikiri kwamba kwa dakika kadhaa sikuogopa kushindwa shauri. Niliogopa kwamba tarehe ile ni ya kweli, kwamba mwanamke nisiyemfahamu alishinikizwa angali mjamzito, nami ndiye niliyenufaika.

Wakili aliomba hati ya asili itazamwe. Ilikuwa imeandikwa 01/04. Kule siku hutangulia mwezi, lakini mfasiri aliyezoea kuanza na mwezi aliibadili kuwa 4 Januari na kuiandika kwa maneno, pasipo alama yoyote ya shaka. Tarehe ya kuzaliwa ilisalimika kwa sababu tu hakuna mwezi wa 20. Mama yule alitia sahihi tarehe 1 Aprili, siku 40 baada ya kujifungua.

Jaji hakupokea maelezo ya mdomo, na kwa maoni yangu alifanya vyema. Aliahirisha shauri kwa wiki sita ili tafsiri mpya iletwe pamoja na hati ya kiapo ya mfasiri, ambaye alituambia kwa simu kwamba tunakuza jambo dogo. Tuliporejea, shauri halikuchukua hata robo saa. Amri ilitambuliwa, nasi tukaelekezwa masjala, ambako karani alifungua daftari na kuanza kuandika. Alipomaliza nilimwomba anisomee tarehe zote, mwezi kwa jina lake. Alinitazama kidogo, kisha akanisomea.