Vifungo chini ya ngozi

Mimi ni fundi makochi, Keko, Dar es Salaam. Chunusi zilinianza nikiwa kidato cha pili, kubwa zenye usaha, mashavuni na kwenye taya, na kila usiku nilizikamua kwa kucha. Zilipopungua nikabaki na mashimo. Mwanga ukinipiga usoni moja kwa moja hayaonekani sana. Ila jua la saa kumi na moja jioni likiingia karakana kwa ubavu, kila shimo linaweka kivuli chake. Kwa miaka nilifanya kazi nimeupa mlango kisogo.

Miaka miwili nilimalizia pesa kwenye krimu. Ya mwisho ilikuwa kwenye kopo lisilo na lebo, aliyeniuzia aliniapia kwamba itajaza mashimo. Wiki ya tatu mashavu yakawasha, yakababuka, kisha yakawa meusi kuliko shingo, na mashimo yakiwa palepale. Zebaki na hidrokwinoni, kemikali za kuchubua ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, lakini kopo bila lebo utajuaje lina nini? Ninaumia ninapowaona vijana wa mtaani kwetu wakichangishana kununua mkorogo kama ule.

Daktari wa ngozi niliyemwendea ni mama wa makamo. Aliniambia, "Mwanangu, madoa na mashimo ni kesi mbili. Doa ni rangi, linafifia kwa dawa na kwa kujikinga na jua. Shimo ni nyama iliyopotea, au iliyoshikwa kwa chini. Krimu haifiki huko." Akazima taa, akanimulika tochi kwa pembeni, kisha akaivuta ngozi ya shavu kwa vidole viwili. Mabonde mapana yakapotea. Alipoivuta kwenye paji, vitundu vyembamba kama vya ncha ya msumari havikutikisika.

"Haya ya shavuni yamefungwa kwa ndani," akasema.

Hapo nikaelewa kabisa. Kochi la vifungo tunalitengeneza hivyo: sindano ndefu inapita kwenye sponji, uzi unafungwa nyuma ya ubao, ukikaza, kitambaa kinabonyea. Ukitaka bonde liondoke unakata uzi kwa nyuma, sponji inapanda yenyewe. Nilipomweleza, akasema ndicho atakachofanya.

Lakini hakuanza siku ile. Kwanza alinipa dawa ya kupaka kwa miezi mitatu, maana chunusi mbili tatu zilikuwa bado zinatoka, na kutibu makovu huku mapya yanachimbwa ni kutwanga maji kwenye kinu. Akanikagua kifua na mabega, akauliza kama kwetu kuna mtu mwenye makovu ya kuvimba. Yupo. Mama ana keloidi sikioni tangu alipotogwa. Kwa hiyo alijaribu sehemu ndogo karibu na sikio, akasubiri miezi miwili aone kama itavimba. Haikuvimba. Nilimuuliza kuhusu leza, zile mashine za mwanga mkali, akasema zipo zinazofaa ngozi nyeusi zikiwa mikononi mwa anayezijua, ila joto lake laweza kutuachia madoa ya miezi mingi, na kwangu si pa kuanzia.

Siku yenyewe alinichoma ganzi, kisha akaingiza sindano yenye makali pembeni mwa kovu, ikalala chini ya ngozi, akawa anaipeleka mbele na nyuma. Maumivu sikuyasikia. Nilisikia sauti, kru, kru, kama nyuzi nene zinakatwa ndani ya kichwa changu. Halafu akakandamiza kwa pamba kwa dakika kadhaa. Jioni shavu lilivimba, damu ikavilia mpaka chini ya jicho, na ilichukua siku tisa kuisha. Wateja walidhani nimepigwa.

Vitundu vya paji vilikuwa na dawa yake: tone dogo la asidi kali kwenye ncha ya kijiti, ndani ya kila kitundu, mpaka pakawa peupe kama chaki. Kigaga kikatoka baada ya wiki. Tafadhali usijaribu hili nyumbani, asidi ile ikimwagika pembeni inakuongezea kovu. Kovu moja lenye kingo za wima alilikata kwa kifaa cha duara, mfano wa kitoboleo tunachotobolea mikanda, akalifunga kwa nyuzi mbili. Baadaye zikafuata awamu nne za mashine ya visindano vidogo, kila baada ya wiki sita, ili ngozi ijitengenezee kolajeni mpya, yaani protini inayoishikilia ngozi. Kwa kweli hizi ndizo zilizonichosha, kwa sababu mabadiliko yake yanakuja polepole mno. Kwa muda wote huo nilivaa kofia na kupaka mafuta ya kukinga jua kila asubuhi, hata siku za mawingu.

Gharama yote imekula faida ya seti kadhaa za makochi. Mabonde mengi ya shavu yamepanda. Vitundu vitatu vya paji bado vipo, na daktari hakuwahi kuniahidi uso niliokuwa nao kabla ya kidato cha pili.

Meza yangu ya kushonea nimeihamishia mlangoni. Jioni mwanga wa ubavu unaonyesha vizuri mshono uliopinda.