Wawili Wavuni

Mjomba alikuwa akitega jarife Watamu, pembeni mwa majani ya bahari, nami likizo za shule nilimsaidia kuchambua wavu. Asubuhi moja ulitoka na wawili ambao sijawaona pamoja tena: kasa mchanga aliyejizongazonga, na chini yake, karibu na risasi za kuzamishia wavu, yule mnyama mweusi wa miiba mirefu, ambaye Waingereza humwita sea urchin na kwetu hakuna anayethubutu kumshika.

Kasa akapigiwa simu. Wakaja watu wa kuokoa kasa, wakampima gamba kwa utepe, wakamvisha kibati cha namba kwenye pezi la mbele. Kila mara aliinua kichwa akavuta pumzi kwa sauti. Ana mapafu kama sisi, na angenaswa zaidi kule chini angekufa maji. Machozi yakamtiririka. Mama mmoja akasema, maskini, analia. Kumbe ndivyo anavyotoa chumvi iliyozidi mwilini.

Mimi macho yangu yalikuwa ndooni, kwa yule wa miiba. Hana kichwa, hana mbele wala nyuma. Mdomo uko chini, una meno matano, na haja anaitolea juu, utosini, kama tukikubali kwamba ana utosi. Nilipopitisha mkono juu ya ndoo, miiba ya upande ule ikainama kufuata kivuli. Nikarudia, ikainama tena. Kiumbe asiye na ubongo ananielekezea mikuki kwa sababu ya kivuli tu! Machozi ya kasa hayakunishangaza hata nusu ya hapo.

Mjomba hakuwa na habari. Kwake kasa ni wavu kutoboka, na yule mwingine ni miguu kuumia. "Hawa wamezidi," alisema, "tangu tuwamalize samaki kikande. Kikande ndiye anayewavunja akawala."

Maji yalipojaa tukamrudisha kasa baharini. Binamu yangu, aliyetangulia akishangilia, akakanyaga mweusi mwingine. Miiba ile hukatikia nyamani, na ukiichokoa kwa sindano inazidi kuvunjika vipande vipande. Nyanya akampaka utomvu wa papai bichi, akamfunga kitambaa, na usiku kucha tukasikia malalamiko.

Kasa alikuwa amekwenda zake na namba yake daftarini. Ndoo yangu niliimwagia mwambani, nimevaa viatu vya Mjomba, vikubwa mno.