Pete ya "kuokotwa" na muhuri wa 750

Jamani, ile pete inayookotwa mbele yako na mtu usiyemjua, kisha unauziwa kwa bei ya kutupa, mara nyingi ni shaba ya njano. Muhuri wa 750 (dhahabu asilimia 75, yaani karati 18) unaweza kugongwa na yeyote. Sumaku nayo haisaidii, maana haivuti dhahabu wala shaba. Tapeli anakupa sumaku ujaribu mwenyewe, na hapo tamaa inakumaliza: ukishajithibitishia kwa mkono wako, huulizi tena.

Pima kwa maji. Tafuta mizani inayosoma gramu 0.01, upime pete ikiwa kavu. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza pete kwa uzi mwembamba izame bila kugusa kitako wala ukingo. Pete ya gramu 10 ikiwa karati 18, mizani itasoma kama 0.65; ikiwa shaba, karibu 1.2. Itikise pete majini kwanza, viputo vya hewa huongeza namba na kuiharibia pete halali jina. Mkufu wenye uwazi ndani au pete yenye jiwe kubwa, mpelekee sonara aipime kwa asidi.