Wete hadi Kigomasha kwa kayaki, kwa kupitia milango ya Pemba

Tulishusha kayaki nne kwenye diko la Wete saa 3 asubuhi, mwezi 19 kwa hesabu ya mwezi mwandamo, maji yakiwa yanapwa tangu saa 1. Siku hiyo tuliichagua kwa kuhesabu. Mwezi 15 hadi 17 ni bamvua: maji ya Pemba hupanda na kushuka karibu mita 4, na milango ya magharibi huvuma kama mto wa mlimani. Mwezi 22 au 23 ni maji mafu, hupanda na kushuka kidogo tu, na aliyekuja kujifunza mkondo atashinda juani bure. Mwezi 19 ni baina ya hayo mawili. Siku ile tofauti ya kujaa na kupwa ilikuwa mita 2.4.

Pemba ina vilima na vijito, lakini haina mto wa kuteremka kwa chombo. Mto wake ni milango: Njao, Fundo, Uvinje, yaani mapenyo kati ya visiwa vilivyojipanga mbele ya pwani, ambamo maji ya ndani hutoka kwenda mkondo wa bahari kuu kisha yakarudi, mara mbili kwa siku. Wawili kati yetu walijifunza kayaki Jinja, kwenye Mto Nile, ambako maji huteremka upande mmoja usiku na mchana. Ujuzi wao ulifaa sana, ila kulikuwa na mambo matatu ya kuyasahau, nayo nitayataja yanapofika.

Vifaa kwanza. Kayaki ya mtoni ina urefu wa mita 2 na nusu hivi, hugeuka papo hapo, lakini kuivusha ghuba ya Wete ni adhabu. Tulichukua za baharini, za plastiki, mita 4.5, zenye sehemu mbili za mizigo zisizoingiza maji, moja omo (mbele) na moja tezi (nyuma). Kafi lenye mabapa mawili liwe na urefu wa sentimita 215 au 220. La mtoni, la sentimita 195, halifiki majini vizuri kwenye chombo kirefu. Kila mtu alikuwa na jaketi la kuokolea lenye filimbi, sketi ya kuziba uwazi wa kukalia, upo wa kufulia maji, kamba ya kuvutia ya mita 15 na viatu vya kufunga, maana vipwa vina miiba na makombe makali. Maji ya kunywa ni lita 4 kwa mtu kwa siku. Chakula cha njiani ni tende na halua ya Wete. Chokoleti ya wageni huyeyuka kabla ya saa 5. Halua hukaa siku nyingi kwenye joto, na kipande kidogo tu kinamrudishia mtu nguvu za mikono.

Bwana diko tulimwachia majina, rangi za kayaki na saa ya kutarajiwa Kigomasha. Mzee mmoja aliyekuwa akikausha nyavu alituuliza tunapitia mlango gani. Tukamwambia Fundo, kuucheza mkondo, na kutoka nje tutatokea Njao kesho. "Mtacheza maji yakitoka au yakiingia?" Yakiingia, mzee. Akarudi kwenye nyavu zake, kwa hiyo jibu lilikuwa sahihi.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kusahau la mtoni. Mtoni ukipinduka, maji yanakuteremsha hadi kwenye kidimbwi kilichotulia. Mlangoni inategemea saa. Maji yakitoka yanakupeleka nje ya mwamba, penye kina cha mamia ya mita, na hakuna kisiwa kingine mbele yako mpaka bara. Yakiingia yanakurudisha ghubani. Zaidi ya hayo, maji yanayotoka hukutana na mawimbi ya bahari kuu yanayokuja, na mawimbi hayo hufupika, husimama wima na kuvunjika papo hapo. Maji yanayoingia huenda pamoja na wimbi, na mlango hulainika. Anayeanza asiguse mlango maji yakitoka, hata akiona wavuvi wanapita. Wao wana mashine, nasi tuna mabega.

Ghuba tuliivuka kwa chini ya saa mbili, maji yakitusukuma, tukiyazunguka mashamba ya mwani badala ya kukatiza juu ya kamba zake. Tulipumzika upande wa kusini wa Fundo hadi saa 7, maji yalipokauka. Jedwali la maji si saa ya mlangoni. Mlango huweza kuchelewa. Tulitupa jani kavu kila baada ya dakika tano. Lilipokaa mahali pamoja tukajua maji yamesimama, na lilipoanza kwenda ndani tukavaa sketi.

Hesabu ya nguvu ya mkondo ni rahisi. Gawa tofauti ya maji mafungu 12: saa ya kwanza huingia fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa mita 2.4, fungu ni sentimita 20. Saa ya kwanza bahari ilipanda sentimita 20 tu. Ya tatu ikapanda 60, na maji yote hayo yanapita palepale. Tulianza mazoezi saa ya pili, tukaacha katikati ya ya tatu, kafi zikiwa zimelazwa na simu ikionyesha tunakwenda kilomita 5 kwa saa. Mtu wa kawaida hupiga kafi kilomita 5 au 6 kwa saa. Kurudi nyuma, basi, hakuna.

Nyuma ya kila kichwa cha jiwe, upande wa ndani, maji hurudi kinyume na kutulia. Hapo ndipo pa kupumzikia. Kuingia, elekeza omo kwenye mstari wa povu unaotenga mkondo na maji hayo tulivu, kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, ukate kwa kasi, kisha inamisha kayaki upande unaogeukia. Kutoka, inamisha upande maji yanakokwenda. Anayeinama kuelekea maji yanakotoka hupinduliwa papo hapo, kwani maji hupanda juu ya staha na kuikandamiza. Wote wanne tulijua hilo, na bado mmoja alipinduka. Sababu ilikuwa urefu: omo imekwisha ingia maji tulivu, tezi bado iko mkondoni, chombo kikazungushwa kama mkono wa saa. Dawa yake ni kuingia kwa kasi zaidi na juu zaidi, karibu na jiwe.

La pili la kusahau ni kamba ya kurusha. Mtoni mwenzako husimama ukingoni na kukurushia. Hapa ukingo hauna mtu. La tatu ni kuogelea: mtoni unaweza kuiacha kayaki ukajiokoa, baharini usiiachilie kamwe, kwani kichwa cha mtu hakionekani mita 200 mbali na plastiki ya njano inaonekana.

Kuokoa kulifanyika hivi. Aliyepinduka alishika tezi. Mwenzake alikuja mkabala na omo, akaipandisha juu ya staha yake kayaki ikiwa bado imefudikizwa, maji yakamwagika, akaigeuza, akairudisha majini na kuilaza sambamba, kichwa kwa mkia, akiikumbatia kwa uzito wake wote. Aliyepinduka akapanda kutoka nyuma kwa tumbo, miguu ikatangulia ndani, akageuka na kukaa. Dakika 3, na kwa mkondo ule ni mita 250. Kwa hiyo kayaki ya tatu ifunge kamba na kuvuta zote mbili pembeni, mbali na mawe, wakati kazi inaendelea. Kundi la wawili halina mtu huyo. Ndiyo maana sishauri wawili.

Maji yaliyobaki yalitusogeza kaskazini, ndani ya Fundo, hadi kijijini. Kabla ya kukanyaga mchanga vaeni shuka juu ya nguo za majini, na mwoneni sheha kabla ya kutafuta pa kulala. Mapokezi yakawa muhogo na pweza wa nazi.

Mwezi 20 maji yalijaa saa 2 kasorobo asubuhi. Tuliondoka alfajiri, jani likasimama kwenye mlango wa Njao, tukapita kama watu wanaovuka bwawa. Nje, rangi hubadilika ghafla kutoka kijani kwenda buluu nzito. Mkondo wa pwani huelekea kaskazini, unakusaidia. Lakini usipoukaribia ufuko mapema utapitishwa Ras Kigomasha na mnara wake, ukakutana na mawimbi ya mashariki. Tulishika umbali wa mita 150 hivi kutoka mstari wa mawimbi yanayovunjika, karibu kuliko hapo wimbi moja kubwa linakutupa juu ya mwamba.

Tulifika Verani, ufuko wa magharibi wa rasi ya Kigomasha, mwendo wa saa 4 unusu, mapema kwa makusudi. Baada ya hapo mwamba hujitokeza, na kayaki ya kilo 25 yenye mzigo wa kilo 20 hubebwa na watu wanne juu ya mawe yenye utelezi. Gari la mizigo lilitungoja kutupitisha msitu wa Ngezi hadi Konde. Kabla ya kupakia tulizisuuza kayaki kwa maji ya kisima, tukaanza na waya za usukani, ambazo chumvi huzila kwa siku chache, kisha zipu za jaketi.