Nilivyoacha kumpa kaka yangu pesa ya pombe

Kwetu Wachagga, mtu anayekuletea jani la isale kuomba msamaha hapaswi kurudishwa mikono mitupu. Kaka yangu, ambaye pombe ilimshika akiwa bado kijana, alilijua hilo vizuri. Kila alipouza kitu cha mama kule kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo wetu, Kibosho, alishuka hadi kwangu Majengo, mjini Moshi, akiwa na jani mkononi. Nami nilimsamehe, na kabla hajaondoka alikuwa ameshapata nauli, pesa ya dawa na ya deni la dukani. Viroba, ile pombe kali ya vifuko, vilipopigwa marufuku mwezi Machi 2017 tulipumua, lakini alihamia kwenye gongo, pombe kali ya kienyeji, na maombi yakaongezeka.

Kilichoniumiza zaidi ni jinsi alivyotugawanya. Mama aliambiwa kwamba ninamdharau. Mimi nikaambiwa kwamba mama ameanguka shambani, na mara mbili nilituma pesa kwa simu bila kumpigia mama mwenyewe. Siku mama, dada yangu na mimi tulipokaa tukalinganisha tuliyoambiwa, tuligundua kwamba dawa ileile ilikuwa imelipiwa na sisi sote watatu.

Tulikubaliana kwamba asipewe jibu la pesa kabla hatujazungumza, na kwamba gharama ya kweli tuilipe wenyewe palepale inapodaiwa. Mama ndiye aliyepata taabu, kwa sababu kaka alikuwa akiamka anatetemeka na kumwambia, "Mama, utanizika." Hofu yake haikuwa ya bure: daktari alitueleza kwamba aliyezoea kunywa sana akiacha ghafla anaweza kupata degedege hata kufa, hivyo anapaswa kuachishwa pombe chini ya uangalizi wa hospitali. Tangu hapo mama alimjibu neno moja tu: "Twende hospitali, mwanangu."

Alipokuja tena na isale, nililipokea kwa mikono miwili nikamwambia, "Kaka, nimekusamehe kwa moyo wote, lakini pesa sitakupa." Alinitukana mbele ya majirani, nami usiku ule sikulala. Alimpigia dada, akajibiwa vilevile. Zilipita wiki kadhaa ngumu kabla hajakubali kupanda daladala na mama kwenda kutibiwa.

Baadaye aliirudia pombe. Safari hiyo alikuja bila jani, akakaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama mama bado angekubali kumsindikiza.