Nilivyotatua shida ya maji nikiendesha baiskeli Morvan

Morvan, huko Bourgogne nchini Ufaransa, ni misitu na vilima mtindo mmoja. Sehemu ya juu kabisa, Haut-Folin, ina mita 901 tu, lakini panda-shuka yake humaliza mtu pumzi. Kilichonisumbua zaidi ni maji. Vijiji ni vidogo, vingi havina duka, na penye duka mchana hufungwa. Jumatatu mara nyingi hakufunguliwi kabisa.

Dawa niliipata makaburini. Karibu kila kijiji kina makaburi yaliyozungushiwa ukuta, na ndani, aghalabu karibu na lango, kuna bomba la kumwagilia maua. Kwenye ramani tafuta alama ya msalaba. Ukikuta kibao cha “eau non potable” (maji yasiyofaa kunywa), usinywe. Pasipo na kibao, mimi huyaacha maji yatiririke kidogo, najaza chupa zote mbili za kwenye fremu na ya akiba, na nikiwa na shaka natia kidonge cha kusafishia maji. Baiskeli naiacha nje ya lango; pale watu wamelaza wazazi wao, na heshima ni lazima. Majira ya baridi mabomba mengi hufungwa yasipasuke kwa barafu, kwa hiyo njia hii ni ya miezi ya joto.